Nyanya kwa mayai: mlo wa nyumbani wa Kichina hurithiwaje?

Mwulize Mchina anayeishi mbali na kwao ni chakula gani kinachomkumbusha nyumbani, na mara nyingi jibu lake litakuwa nyanya zilizokaangwa kwa mayai. Ni kitoweo cha dakika chache tu. Mayai hupigwa, hukaangwa kwanza na kutolewa. Kisha nyanya huingia karaini na kulainika mpaka zitoe maji yake, mayai yakarudishwa, chumvi ikatiwa, na katika nyumba nyingi sukari kidogo ikafuata ili kuvunja ukali wa nyanya. Mchuzi wake mwekundu humwagiwa wali. Watoto wengi huanza kujifunza kupika kwa kitoweo hicho. Hata hivyo, asili ya nyanya ni Amerika. Iliingia China mwishoni mwa enzi ya Ming (1368–1644), ikatazamwa kwa muda mrefu kama mmea wa kupendezesha bustani, na haikuwa chakula cha kawaida majumbani hadi karne ya 20. Jina lake mojawapo, fanqie, maana yake ni bilinganya ya kigeni.

Kwa hiyo kitoweo ambacho watu wengi wanakihesabu kuwa ndicho hasa chakula cha kwao hakikujulikana na bibi wa bibi zao. Mtu anaweza kulipita jambo hili kama kioja cha historia. Mimi naliona kuwa ndilo mlango wa mada yenyewe, kwa sababu linatulazimisha kuuliza ni kitu gani hasa kinachorithiwa katika jiko la familia ya Kichina, ikiwa vyakula vyenyewe vinaweza kuwa vipya namna hiyo.

Kabla ya kujibu, hatuna budi kuuweka kando mkahawa. Chakula cha Kichina kijulikanacho Nairobi, Dar es Salaam au London ni kazi ya wapishi wa biashara, wenye moto mkali kupita wa nyumbani na mafuta mengi, ambao sahani zao hushindana kumvutia mteja. Hata ile orodha mashuhuri ya mapishi makuu manane, yaani ya Shandong, Sichuan, Guangdong, Jiangsu, Zhejiang, Fujian, Hunan na Anhui, ni mpangilio uliopata umbo lake la sasa katika karne ya 20, na unawafaa zaidi wapishi wa kulipwa na waandishi wa vitabu kuliko mama wa nyumbani. Majimbo ya kaskazini mashariki, Yunnan na Xinjiang hayamo kabisa katika orodha hiyo, ilhali watu wake wanakula kila siku, tena wanakula vizuri. Kinachopikwa nyumbani kina jina lake: jiachang cai, yaani vitoweo vya kawaida vya nyumbani.

Mlo wa nyumbani una pande mbili. Upande mmoja ni fan, yaani nafaka iliyopikwa. Upande wa pili ni cai, yaani kila kinacholiwa pamoja na nafaka hiyo. Neno cai kwa asili lina maana ya mboga za majani, lakini limepanuka likabeba nyama, samaki, mayai na tofu. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwani haelezwi kitu kigeni: Mtanzania anayesema kuwa leo mboga ni samaki amelipanua neno lake kwa njia ileile, na neno kitoweo, linalotokana na kutowea, limekwisha kueleza uhusiano wote. Kitoweo hakijitegemei, kipo kwa ajili ya kuteremsha wali. Wachina nao wana neno la kukisifu kitoweo kwa kigezo hicho, xiafan, ambalo tafsiri yake ya karibu ni “kinachoteremsha wali”. Samaki wa chumvi, figili zilizochachuliwa au vipande vyembamba vya nyama vyenye pilipili husifiwa hivyo kwa sababu kiasi kidogo chake humaliza bakuli zima.

Ukiuelewa mgawanyo huo, mambo mengi yanayowatatiza wageni hujieleza yenyewe. Nyumbani kila mtu ana bakuli lake la fan, na vitoweo huwekwa katikati, vyote kwa pamoja, kila mmoja akichota kwa vijiti vyake kidogo kidogo. Hakuna sahani ya kwanza na ya pili kama ilivyo Ulaya. Nyama ilikatwa nyembamba ili ionjeshe mboga ladha yake, na katika familia za kawaida za zamani nyama hiyo ilikuwa kiungo kuliko kuwa chakula. Karamu hugeuza mpangilio wote: vitoweo huja kwa mfululizo, na fan huletwa mwishoni, wageni wakiwa wameshiba, nao huweza kuiacha bila kumvunjia heshima mwenyeji. Anayeijua China kwa karamu tu, kwa hiyo, ameuona mlo wake ukiwa umepinduliwa.

Fan yenyewe haifanani nchi nzima. Mstari unaofuata milima ya Qinling na mto Huai huigawa China: kusini mwake wanategemea mpunga, na kaskazini ngano, ambayo hutengenezwa tambi, mikate ya mvuke iitwayo mantou na vitumbua vya kujazwa nyama na mboga viitwavyo jiaozi. Hivi “vitumbua” ni jina la kukopesha tu, kwa kuwa jiaozi havina utamu wala havikaangwi katika chuma cha mashimo; ni ngozi nyembamba za unga zilizokunjwa na kuchemshwa. Kabla ngano haijatawala, kaskazini waliishi kwa nafaka ndogo za jamii ya uwele, ambazo mpaka leo hupikwa uji. Mahindi yalifika kutoka Amerika na kuwa chakula cha maskini; wazee wengi wa Beijing wanayakumbuka wotou, madonge ya unga wa mahindi yaliyopikwa kwa mvuke, kwa hisia zisizo za mapenzi. Kusini, bibi aliyepika wali kwa kuni aliwabandulia wajukuu ukoko, nao waliugombea kama unavyogombewa pwani yetu. Mtoto aliyeacha punje bakulini alionywa kuwa kila punje ingekuwa kovu la ndui kwenye uso wa mchumba wake.

Baada ya nafaka ni moto, na hapa ndipo uchumi wa nyumba unapoonekana. Kukaanga harakaharaka kwenye karai, ambako wageni hukuona kama alama ya mapishi yote ya Kichina, ni njia ya kubana kuni kwa gharama ya kazi ya kisu: chakula hukatwa vipande vidogo vinavyolingana, ili vyote viive kwa pamoja katika muda mfupi. Lakini njia hiyo inataka mafuta, na mafuta yalikuwa ghali. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani zilichemsha na kupika kwa mvuke kuliko kukaanga, na mama mwenye akili alipanga bakuli la mayai au la nyama ya chumvi juu ya wali uliokuwa ukiiva, moto mmoja ukapika vyote viwili. Ustadi wa kuujua moto unaitwa huohou. Haufundishwi kwa saa. Hufundishwa kwa sikio na pua: mlio wa tangawizi inapogusa mafuta, harufu ya kitunguu cha majani kabla ya kuungua, mvuke unapobadilika.

Kwa sababu hiyo anayemwomba bibi wa Kichina vipimo huambulia maneno mawili yanayokera, shiliang na shaoxu, yaani “kiasi kinachofaa” na “kidogo”. Vijana huyafanyia mzaha maneno haya, na vitabu vya mapishi vya Kichina bado huyatumia. Sidhani kuwa ni uvivu au usiri. Chumvi inayofaa hutegemea ukali wa sosi ya soya iliyomo jikoni, umri wa mchachuo wa maharagwe na pilipili, idadi ya walaji na kiasi cha wali kitakachoteremshwa. Kipimo kilichoandikwa kingekuwa cha kweli siku moja tu. Maji ya wali nayo hupimwa kwa pingili ya kidole kilichosimamishwa juu ya mchele, kipimo ambacho mpishi wa Unguja atakitambua mara moja.

Kama kuna kitu kinachoweza kushikwa kwa mkono na kuitwa urithi, basi ni mtungi. Familia za Sichuan zina mtungi wa paocai, wenye mfereji wa maji kuzunguka mdomo wake. Bakuli hufunikwa juu ya mfereji huo, hewa inayozalishwa ndani ikatoka kwa kububujika, na ya nje isiweze kuingia. Ndani yake mna maji ya chumvi, pilipili, tangawizi, punje za huajiao ambazo hutia ganzi ulimini, na pombe kali kidogo ya kuzuia utando mweupe. Bakteria wa asidi ya maziwa hufanya kazi iliyobaki. Mboga huingia na kutoka, lakini maji hayamwagwi: huongezwa chumvi na viungo, yakazidi kukomaa mwaka hadi mwaka. Anayeanzisha mtungi mpya huomba kata moja ya maji ya zamani kwa mama yake au kwa jirani, kama vile mwoka mikate anavyoomba hamira ya unga uliochacha. Sheria ya mtungi ni moja isiyovunjwa: vijiti vinavyoingia visiwe na tone la mafuta, kwa maana mafuta huuharibu. Mtoto aliyewahi kuchapwa kwa kuichezea sheria hiyo hatasahau.

Kaskazini mashariki, ambako baridi hufunga ardhi kwa miezi, mtungi huwa pipa la udongo na mboga ni kabichi ndefu ya Kichina, jamaa wa yale majani ambayo masoko ya Tanzania huyauza kwa jina la chainizi. Kabichi hupangwa tabaka kwa tabaka na kugandamizwa kwa jiwe zito, zikachacha na kuwa suancai, ambayo hupikwa na nyama ya nguruwe yenye mafuta. Beijing katika miaka ya uchumi wa mipango, serikali ilipopanga uzalishaji na ugavi, iliona kila mwezi wa Novemba marundo ya kabichi hizo barabarani, na familia zikipanga foleni kununua mzigo wa kuzifikisha majira ya kuchipua. Mapishi ya Kichina yanayosifiwa leo kwa ladha nzito ya kuchacha, kukaushwa na chumvi yalianza, kwa sehemu kubwa, kama jibu la swali la namna ya kula mwezi Februari.

Sasa tuwaangalie warithi wenyewe. Picha ya bibi anayemfundisha mjukuu wake wa kike, naye akamfundisha wa kwake, ni nzuri lakini inadanganya kidogo. Katika desturi ya Kichina binti huolewa na kuhamia kwa familia ya mume, na mapishi yake huhama naye, yakakutana na ulimi wa mama mkwe. Shairi moja fupi la Wang Jian, mshairi wa enzi ya Tang (618–907), linamwonyesha bibi arusi siku ya tatu akinawa mikono na kuingia jikoni kupika supu. Kwa kuwa hajazijua bado ladha anazozipenda mama mkwe, anamwonjesha kwanza wifi yake. Naona shairi hilo linaeleza mengi kuliko insha ndefu. Kila jiko lilikuwa mapatano kati ya nyumba mbili, na kinachoitwa ladha ya familia fulani mara nyingi ni ladha ya wanawake kadhaa waliotoka katika ukoo mwingine.

Jiko ndilo lililoipa nyumba mipaka yake. Ndugu walipogawana mali na kuachana, ishara ya kwamba wametengana kweli ilikuwa kila mmoja kuwa na jiko lake na kupika chungu chake, na msemo wa “kuwasha jiko jingine”, ling qi luzao, bado hutumika kwa maana ya kuanza upya kivyako. Katika Kiswahili tunasema kijana amepata jiko, tukimaanisha ameoa. Mawazo haya mawili ni majirani. Jiko la Kichina lilikuwa hata na mungu wake, ambaye picha yake ilibandikwa juu ya moto na ambaye, tarehe 23 au 24 ya mwezi wa 12 kwa kalenda ya mwezi, hupanda mbinguni kutoa ripoti ya mwenendo wa familia. Kabla ya safari hupakwa kitu kitamu na cha kunata mdomoni, ili aseme mema, au ashindwe kabisa kufungua kinywa.

Urithi wa aina hii, unaotegemea mikono, mitungi na moto wa nyumba, ni rahisi kukatika, na kuna wakati ulikatwa kwa amri. Mwaka 1958, katika kampeni iliyoitwa Hatua Kubwa Mbele, familia za vijijini zilipelekwa kula katika mabwalo ya komuni, yaani jumuiya kubwa za kilimo cha pamoja. Akiba za nafaka zilikusanywa, majiko ya nyumbani yakavunjwa mahali pengi, na makarai na vyungu vya chuma vikatupwa katika tanuri za kuyeyushia chuma. Njaa iliyofuata iliua watu ambao makadirio mengi ya watafiti huwahesabu kwa makumi ya mamilioni, na mabwalo hayo yalifungwa mwaka 1961. Mijini, kuponi za nafaka zilizoanza mwaka 1955 ziliendelea hadi 1993, na mafuta na nyama pia vilipimwa kwa kuponi. Mama aliyebahatika kupata nyama alichagua yenye mafuta mengi, akayayeyusha na kuyahifadhi, na wali wa moto wenye kijiko cha mafuta ya nguruwe na sosi ya soya ulikuwa anasa ambayo watoto wa wakati ule, wazee wa leo, huisimulia kwa macho yanayong'aa.

Ninaieleza historia hii kwa sababu inafafanua fumbo la nyanya. Kizazi kilichotoka katika kuponi kilikuwa na nafaka ya kutosha lakini nyama haba. Mayai na nyanya vilikuwa nafuu, vilipikika haraka katika vyumba vidogo vya mjini, mchuzi wake uliteremsha wali kuliko mboga nyingi, na mtoto aliyerudi shuleni kabla ya wazazi aliweza kuvipika mwenyewe. Kitoweo kipya kilikaa katika nafasi ya zamani. Pilipili ilikuwa imetangulia kupita njia hiyo: nayo ni mgeni kutoka Amerika aliyetajwa katika maandishi ya Kichina mwaka 1591, lakini ilichukua muda mrefu kabla ya kuteka majiko ya Sichuan na Hunan, hasa kwa watu ambao wali wao haukuwa na kitoweo kingine cha kuuteremsha. Leo ukimwambia mtu wa Hunan kwamba pilipili ni ya kigeni atakutazama kama umemtukana mama yake.

Kuna sehemu ya urithi huu isiyo na jiko wala mtungi, nayo ni elimu ya mwili. Vyakula hugawanywa kuwa vya moto na vya baridi, kwa tabia zake na si kwa joto la sufuria: nyama ya kondoo na vyakula vya kukaanga hutia moto, kaa ni baridi na kwa hiyo huliwa na tangawizi, choroko huchemshwa kiangazi ili kupoza. Aliyelelewa Lamu au Unguja akisikia habari za vyakula vya moto na vya baridi hatashangaa, ingawa mafundisho ya pwani yalipitia tiba za Waarabu na Wagiriki na ya China yana asili yake nyingine. Mzazi aliyejifungua hukaa ndani mwezi mzima na kulishwa kwa utaratibu huo: Guangdong humpa miguu ya nguruwe iliyopikwa kwa tangawizi na siki tamu, kaskazini uji wa nafaka ndogo, mayai na sukari nyekundu. Familia za Guangdong huchemsha pia supu kwa moto mdogo saa mbili au tatu, ikibadilishwa viungo kulingana na majira na afya ya mlaji. Huko, kumwita mtoto aje nyumbani kunywa supu ni kumwambia kwamba amekumbukwa.

Mahali ambapo yote haya hukutana ni usiku wa kuamkia mwaka mpya. Samaki lazima awepo, kwa kuwa neno la samaki, yu, hutamkwa sawa na neno la ziada, na katika nyumba nyingi hamalizwi, ili ziada ibaki kweli. Kusini huandaliwa keki ya unga wa mchele unaonata, niangao, ambayo jina lake linasikika kama kupanda juu mwaka hadi mwaka. Kaskazini familia nzima huizunguka meza na kukunja jiaozi: mmoja anasukuma ngozi, mwingine anajaza, watoto wanaharibu na kurekebishwa. Sijui shule ya mapishi iliyo bora kuliko meza hiyo. Hakuna anayetangaza kwamba anafundisha. Mkunjo wa vidole hupita tu kutoka mkono hadi mkono, na mtu aliyeolewa katika ukoo huo hutambulikana kwa mikunjo yake iliyo tofauti.

Desemba 2024 UNESCO iliiweka Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, yaani mwaka mpya huo, katika orodha yake ya urithi usioshikika. Huku nyuma majiko yamebadilika. Wazazi wengi wa vijijini wamehamia mijini kufanya kazi na kuwaacha watoto kwa babu na bibi, hivyo mapishi yameruka kizazi: mtu wa miaka 25 anaweza kupika kama bibi yake huku mama yake akiwa amekula miaka yote katika bwalo la kiwanda. Vijana wa mijini huagiza chakula kwa simu, na wanapotaka kupika hutazama video, kisha humpigia bibi kuuliza chumvi kiasi gani, naye hujibu shiliang. Vyumba vya ghorofani havina pa kuweka pipa la kabichi. Na wali karibu kila mahali hupikwa katika sufuria ya umeme inayojizima yenyewe, ambayo haiunguzi na kwa hiyo haiachi ukoko wa kugombewa. Ukoko sasa hutengenezwa viwandani, ukatiwa pilipili na huajiao, na kuuzwa madukani katika pakiti.